Etienne Hali Maini

Riruta imeona mapigano mengi. Wapo waliopigana na majirani kwa sababu ya mpaka wa shamba, na yupo mmoja aliyepigana na punda wake mwenyewe mbele ya kanisa, akashindwa. Lakini mwanamume aliyepigana na sauti tupu, sauti isiyo na shingo ya kukabwa wala kola ya kushikwa, ni mmoja tu, naye ni Waweru wa bucha, katika mvua ndefu za mwaka wa sabini na tatu.

Waweru alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Bucha lake lilikuwa kando ya barabara ya Naivasha, lina mlango wa kijani na wavu wa kuzuia nzi, ambao nzi waliutii Jumapili tu, bucha likiwa limefungwa. Kwa kushindana na msumeno wa mifupa miaka mingi, sauti yake ilikuwa imenenepa kuliko yeye mwenyewe. Akikuuliza habari za asubuhi, kuku wa jirani walikimbia.

Mkewe, Wangui, alikuwa amefundisha darasa la kwanza hadi serikali ilipompa ruhusa ya kwenda chuo kikuu mjini kusomea ualimu wa Kifaransa. Siku barua ilipokuja, hakuna aliyefurahi kuliko Waweru. Alichinja mbuzi, akawaita watu wa kanisani, akawatangazia kwamba wanaume wengine huoa wanawake waliokwisha kusoma, lakini yeye amemtoa wa kwake jikoni akampeleka mwenyewe. Watu walikula mbuzi na kukubali kila alichosema, maana huo ndio utaratibu wa mbuzi wa bure.

Kisha akaanza kulisikia lile jina.

Lilitoka jikoni, katikati ya sufuria. Wangui alikuwa akiosha vyombo, mgongo wake mlangoni, akizungumza na mtu asiyekuwapo kwa sauti laini ambayo Waweru hakuwa ameisikia tangu siku za uchumba. Maneno yenyewe hakuyaelewa. Yalipitia puani kama ya mtu mwenye mafua. Lakini kila baada ya maneno machache lilirudi jina, na jina halihitaji kutafsiriwa.

"Mama Njambi," alisema Waweru, "Etienne ni nani?"

Wangui hakugeuka. Alisema ni mtu wa kwenye kanda, kisha akaeleza kwa subira ya mwalimu wa watoto wadogo. Maktaba ya chuo ilikuwa na chumba cha kusikiliza na kuona. Upande mmoja ulikuwa na projekta za kuonyesha picha ukutani. Upande wa pili ulikuwa na vibanda vidogo vya mbao, na katika kila kibanda mna mashine ya kanda na visikizio vya kuvaa masikioni. Kwenye kanda kulikuwa na Mfaransa aliyeuliza maswali. Akishauliza hunyamaza, na katika kimya hicho mwanafunzi hujibu, na mashine hunasa jibu lake. Mwalimu mmoja hawezi kuzungumza na darasa zima kila siku, mmoja mmoja. Etienne anaweza. Hachoki na hafoki.

Katika maelezo yote hayo, Waweru alisikia kitu kimoja. "Kwa hivyo mnakaa kwenye kibanda, wewe na yeye."

"Ni sauti tu, Baba Njambi."

"Sauti haina mwenyewe?"

Wangui alisuuza kikombe. Waweru akataka kujua huyo mtu huuliza nini hasa, na Wangui, ambaye hakuwa na la kuficha na kwa hiyo hakuwa mwangalifu, akamwambia kwamba leo aliulizwa amekula nini.

"Ukamjibu?"

"Nikamjibu mkate na jibini."

Hapo ndipo wivu ulipovua viatu ukaingia ndani. Kila jioni Waweru alileta maini nyumbani yakiwa yamefungwa kwenye gazeti, kipande bora, kile alichowanyima hata wateja wa pesa taslimu. Kila jioni Wangui aliyakaanga kwa vitunguu, akala, akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha ugali. Na huko mjini, mbele ya mwanamume mwingine, mwanamke huyohuyo alisema amekula jibini.

"Wewe hata hujui jibini linafanana vipi."

"Najua," alisema Wangui. "Tumeonyeshwa slaidi."

*

Duka lililopakana na bucha lilikuwa la Mabruki, mtu wa Lamu aliyeuza sukari, mafuta ya taa na ushauri. Viwili vya kwanza alivipima. Cha tatu alikigawa bure, na ndiyo maana hakikuwa na kipimo. Waweru alipomweleza habari za Etienne, Mabruki angeweza kusema kwamba mashine ni mashine, mambo yakaisha. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, wateja hawapo, na mtu mwenye Kiswahili kama chake hawezi kukiacha kikae bure.

"Ndugu yangu," alisema, akiisogeza kofia yake, "mwizi wa nguo hupitia dirishani. Mwizi wa mke hupitia sikioni."

Waweru akauliza afanye nini. Mabruki akamwambia kwamba mchuzi hauhukumiwi kwa kusimuliwa. Kama kuna kanda, basi kanda isikilizwe.

Huenda Waweru angeliacha jambo hilo lioze lenyewe kama si Njambi, binti yao mdogo, aliyekuwa akicheza mlangoni pa bucha na kuwasalimu wateja kwa maneno aliyoyaokota jikoni. "Bonjour, Etienne," alimwambia kila aliyeingia, wanaume kwa wanawake. Selpher, mwenye hoteli ya chapati, aliposalimiwa hivyo aliitazama nyama iliyoning'inia kwenye ndoano, akauliza kwa upole kama leo imekatwa na Baba Njambi au imekatwa na Etienne. Foleni nzima ilicheka. Waweru naye alicheka, maana mfanyabiashara hana ruhusa ya kununa mbele ya mzani, lakini Selpher alirudi hotelini siku hiyo na mfupa mkubwa uliovaa nyama kidogo kwa ajili ya adabu.

Wiki hiyohiyo Wangui akaleta habari za mtihani. Kila mwanafunzi alipaswa kunasa majibu yake kwenye kanda yenye jina lake, na kanda zote zingekusanywa Ijumaa. Atakayeshindwa ataondolewa kwenye Kifaransa, na kwa walimu kama yeye, waliopewa ruhusa na serikali, kuondolewa kulikuwa na maana moja: kurudi darasa la kwanza, kwenye ile shule ya mabati, mpaka uzeeni. Vibanda vilikuwa vichache na foleni ndefu. Aliomba, kwa hivyo, wiki hii asilaumiwe akichelewa.

Waweru alisema sawa. Lakini alichosikia ni mkewe akiomba ruhusa ya kukaa na Etienne. Na chini ya hilo kulikuwa na wazo lingine, dogo na baya, kwamba Wangui akishindwa atarudi nyumbani mapema kila siku, mikono yake ikinuka chaki kama zamani. Wazo hilo lilimwaibisha. Hata hivyo hakulifukuza. Alilipa kiti likae.

*

Alhamisi alifunga bucha kabla ya saa sita, jambo lililowafanya watu wa Riruta waulizane nani amekufa. Alivaa koti la kanisani. Kwa kuwa hajawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu, alifunga maini kwenye gazeti, kilo nzima, kwa ajili ya yeyote atakayehusika na kanda. Akapanda basi la mjini.

Mlangoni mwa maktaba, bawabu alimwambia kwamba mizigo haiingii. Mizigo huachwa kwenye kaunta, na mwenyewe hupewa kibati chenye nambari. Mbele ya Waweru wanafunzi walikuwa wakiacha mikoba na miavuli. Ilipofika zamu yake, karani wa kaunta aliutazama mfuko wa gazeti, uliokuwa umeanza kupata doa chini, akauliza ni nini.

"Maini," alisema Waweru, kwa sauti yake ya kawaida.

Watu walioko ngazi ya juu waligeuka. Karani akafikiri kidogo, akayaweka maini kwenye rafu kati ya mkoba wa ngozi na mwavuli wa profesa, akatoa kibati. Waweru alipanda ngazi akiacha nyuma yake alama za udongo mwekundu wa Riruta kwenye sakafu iliyong'arishwa.

Mtunzaji wa chumba cha kusikiliza na kuona aliitwa Joash, kijana mpole mwenye tai fupi. Waweru alijitambulisha kuwa mume wa Wangui, kisha, kwa mdomo uleule uliokuwa ukiongoza sala Jumatano, akasema Wangui amemtuma aihakikishe kanda yake kabla ya mtihani. Joash alijua kwamba hairuhusiwi. Lakini hajawahi kumwona mume yeyote aliyefunga kazi ili asikilize masomo ya mkewe, na moyo wake ukayeyuka. Wake wangapi wangemtamani mume kama huyu? Akatoa kanda yenye jina la Wangui, akaifunga kwenye mashine, akamvika visikizio vyenye kijiti cha kunasia sauti mbele ya mdomo, akamwonyesha kitufe cheusi cha kusikiliza na kingine cha kurudisha nyuma. Chekundu asikiguse. Akasema hivyo na kukimbilia upande wa pili, ambako projekta ilikuwa imeiweka milima ya Bonde la Ufa kichwa chini, na wanafunzi wa jiografia wakaanza kupiga miluzi.

Waweru akabonyeza cheusi.

Kwanza alikuja yeye. Ilikuwa sauti nzito, tulivu, ya mtu anayekula vizuri na asiyeamka alfajiri kuvuta ng'ombe. Ikauliza kitu. Ikanyamaza. Na katika kimya hicho, ndani kabisa ya masikio ya Waweru, akajibu Wangui. Si Wangui wa sufuria wala wa kuulizia mafuta ya taa. Huyu alikuwa mwanamke mwepesi, anayepanda na kushuka kwenye maneno kama mtu anayerukaruka ngazi. Sauti ya kiume ikauliza tena, ya kike ikajibu. Zikaenda hivyo, zikipokezana, bila kukatizana hata mara moja.

Halafu Wangui akacheka.

Kilikuwa kicheko kifupi, safi, kilichoinuka mwishoni. Waweru alirudisha kanda akakisikiliza tena, kama mtu anayebonyeza jino bovu ili ajue linauma kiasi gani. Akairudisha kwa mara nyingine, safari hii mpaka mwanzo, na alipotaka kuiendesha, dole gumba lake likasahau mipaka. Dole la mchinjaji halikuumbwa kwa ajili ya vitufe vidogo. Lilikandamiza cheusi na chekundu kwa pamoja, na hivyo ndivyo mashine ile ilivyofundishwa kunasa. Sauti ya mwalimu ilibaki salama kwenye njia yake. Ya mwanafunzi ikaanza kufutwa, na kijiti kilichokuwa mbele ya mdomo wa Waweru kikafungua sikio.

Waweru alijua kitu kimoja tu: Wangui ametoweka. Etienne aliuliza swali lake, akanyamaza, na hapakuwa na wa kumjibu. Wamebaki wawili.

"Mimi ni Waweru," alisema. "Nina bucha Riruta. Uliza mtu yeyote."

Ni lazima ieleweke kwamba aliyevaa visikizio hajisikii mwenyewe. Wanafunzi wote wanalijua hilo, na wageni wa chumba kile wamewahi kucheua, kuimba nyimbo za shule na hata kumtukana mwalimu wakidhani wananong'ona. Lakini wao walikuwa na sauti za kawaida.

Etienne akauliza jambo lingine, kwa adabu.

"Nakaa na mke wangu kwenye nyumba ya mawe. Mawe ya kuchongwa, si mabati."

Vichwa vilianza kuinuka vibandani. Mmoja akavua visikizio vyake, kisha jirani yake, kisha wote. Etienne akauliza tena.

"Na huyo mama hali jibini. Anakula maini, na vitunguu, na ninayemletea ni mimi. Kipande ninachowanyima wateja. Usidanganywe."

Upande wa pili, milima ya Bonde la Ufa ilisimama sawasawa hatimaye, lakini hakuna aliyeitazama. Joash alikuwa ameganda, mkono ukiwa kwenye projekta. Na mlangoni alikuwa amesimama Wangui. Alikuwa akisoma kwenye ukumbi wa chini aliposikia neno Riruta likishuka kutoka darini. Angeweza kumkimbilia mumewe amvue visikizio. Hakufanya hivyo. Masikio yake yalimzuia, kwa sababu Etienne aliuliza swali la nne na sauti ya Waweru ikabadilika.

"Na huko kucheka," alisema. "Kwangu hajacheka hivyo tangu Njambi azaliwe. Mimi nikiingia, nyumba inanyamaza. Nadhani ni harufu ya nyama, au ni mimi. Sijui. Sijawahi kumuuliza mtu."

Kanda ikazunguka. Etienne, asiyejua kinachoendelea, akauliza swali lake la mwisho.

"Mimi nimempa nyumba. Nimempa mguu wa nyuma kila Krismasi. Wewe umempa nini, mtu usiye hata na mikono?"

Wangui akamgusa begani.

Waweru alivua visikizio, na kimya cha maktaba kikamwangukia chote kwa wakati mmoja. Aliona nyuso. Aliona Joash. Mwishowe akamwona mkewe. "Umesikia?" aliuliza, safari hii akinong'ona kweli.

"Wote wamesikia, Baba Njambi."

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia akapasuka kwa kicheko, na wengine wakamfuata. Joash aliwasihi waondoke kabla mkuu wa maktaba hajafika. Kwa haraka akairudisha kanda mwanzo, akaitia kwenye boksi lake lenye jina la Wangui, akaiweka pamoja na zile zilizokwisha tayari kwa mtihani. Hakuna aliyeuliza ina nini. Kila mmoja alikuwa na aibu yake ya kubeba. Chini kwenye kaunta waliongezewa nyingine: karani alidai kibati, Waweru akakitafuta katika mifuko yote ya koti la kanisani, na maini yakakabidhiwa mbele ya foleni, yameshikwa kwa vidole viwili.

*

Walipanda basi la kurudi. Zilipita nyumba za Kilimani zenye nyua za maua, na Waweru akazitazama akiwaza kwamba ndani ya kila moja kuna mwanamume anayezungumza polepole. Nyumbani, Wangui aliketi na gauni lake la chuo bado mwilini.

Alisema amedhalilishwa mbele ya watu ambao kesho atapanga foleni nao. Waweru akasema naye amedhalilishwa mbele ya foleni yake, kwa mzaha wa Selpher. Kisha akasema neno lililokuwa likimkereketa.

"Umemchekea, Mama Njambi."

Wangui alifungua mkoba, akatoa karatasi ya somo, akaweka kidole kwenye mstari. "Soma hapa. Imeandikwa mwanafunzi acheke. Wote tumecheka. Hata yule padri tunayesoma naye amecheka."

Waweru aliutazama mstari asioweza kuusoma. "Basi niandikie na mimi," alisema.

Wangui alikuwa amejiandaa kwa matusi, na hilo halikuwa tusi. Aliikunja karatasi. "Unajua ninachompendea Etienne?" aliuliza. "Akiuliza, ananyamaza. Wewe ukiniuliza nimeshindaje, unajibu mwenyewe, halafu unaenda kufunga mlango."

Waweru alitaka kulijibu hilo hapohapo, kwa hoja tatu, akauona mtego, akafunga mdomo. Jioni hiyo nyumba ya mchinjaji ilikula kabichi.

*

Daktari Nanjala, mhadhiri wa Kifaransa, alikuwa mwanamke mrefu kutoka Bungoma aliyesoma Ulaya miaka mingi na kurudi bila kicheko, kama mzigo uliopotelea bandarini. Wiki iliyofuata alimwita Wangui ofisini. Juu ya meza palikuwa na mashine ya kanda. Aliibonyeza bila salamu.

Etienne aliuliza kwa Kifaransa, Wewe ni nani na unafanya kazi gani? Mngurumo ukajibu kwamba ni Waweru, ana bucha Riruta, uliza mtu yeyote.

Etienne aliuliza, Unakaa na nani, na nyumba yenu ikoje? Mngurumo ukaeleza mawe ya kuchongwa.

Wangui alishika ukingo wa meza. Mpaka dakika hiyo hakuwa anajua. Alidhani aibu ilikwisha maktabani, kumbe alikuwa ameifungia kwenye boksi, akaiandika jina lake, akaiwasilisha.

Daktari Nanjala alisimamisha mashine. Alisema kanda isiyo na sauti ya mwanafunzi hupewa sifuri, na kanuni haikuzingatia sauti ya nani iko badala yake. Akauliza huyu ni nani.

"Ni mume wangu."

"Nimetambua. Anajibu maswali yote, tena kwa mpangilio. Udhaifu wake ni kwamba anajibu kwa Kiswahili." Nje mvua iligonga dirisha. Wangui aliiona shule ya mabati, safu za madawati, watoto wakiimba herufi, na yeye mbele yao akizeeka. Alijaribu kuomba nafasi nyingine, lakini sauti haikutoka katika lugha yoyote.

"Kanuni inataka sauti yako ijibu maswali ya Etienne," alisema Daktari Nanjala mwishowe. "Haikusema majibu yawe ya nani. Kaa. Mtafsirie."

Ndivyo Wangui alivyofanya mtihani wake. Waweru alinguruma, mashine ikasimamishwa, naye akayaweka maneno ya mumewe katika Kifaransa, moja baada ya jingine. Bucha alilijua. Nyumba ya mawe aliijua. Maini yalimshinda. Miezi mingi ya kanda na slaidi ilikuwa imempa jibini, treni na mwavuli, lakini haikumpa maini. Alitafuta kichwani, hayamo. Akasema, kwa Kifaransa kinachochechemea, kwamba ni nyama ya ndani, laini, yenye rangi ya giza, ambayo mume wangu huwanyima watu wote ili aniletee mimi.

Daktari Nanjala aliandika kitu. Mashine ikaendelea. Etienne aliuliza, Ni kitu gani kinachokuchekesha nyumbani? Na sauti ya Waweru, iliyoshuka, ikasema yale ya nyumba inayonyamaza. Safari hii Wangui aliyasikia bila umati, bila kaunta, bila nyuso. Aliomba kanda irudishwe. Aliyasikia tena. Kisha akayatafsiri polepole, na alipofika kwenye "au ni mimi", alisimama muda mrefu hata Daktari Nanjala akainua kalamu. Akamalizia.

Amefaulu, aliambiwa, ila asijivune. Na kwa kuwa sauti ile ilijibu maswali yote kama binadamu, si kama kitabu, Daktari Nanjala aliomba ibaki maktabani, wanafunzi wa mwaka wa kwanza waifanyie mazoezi ya kutafsiri. Mtu aliyenusurika hana nguvu ya kukataa. Wangui akaitikia kwa kichwa.

*

Waweru alipoambiwa kwamba amekuwa somo la chuo kikuu, alichinja mbuzi mwingine. Hakuomba msamaha kwa maneno, kwa kuwa mbuzi alikuwa mkubwa. Mabruki alikula, akapangusa vidole, akatamka kwa heshima zote, "Ndugu yangu, sasa Etienne ni wewe." Selpher aliuliza kama bei ya nyama itapanda. Waweru akafurahi mpaka akamkatia minofu.

Wangui hakufurahi muda mrefu. Siku moja, akisubiri kibanda, alimwona msichana wa mwaka wa kwanza, amevaa nywele kubwa za duara na sketi ya mjini, visikizio masikioni. Msichana aliinamisha kichwa, akasikiliza, akatabasamu. Kisha akacheka. Hakikuwa kicheko kifupi kinachoinuka mwishoni. Kilimtoka tumboni, akajiziba mdomo, machozi yakamjaa. Wangui alichungulia boksi lililokuwa mezani. Lilikuwa na jina lake, na chini yake mtu ameandika "Waweru". Msichana alirudisha kanda nyuma ili amsikie tena.

Alikuwa anacheka, wala haikuandikwa popote.

Wangui alirudi nyumbani mapema. Aliweka sufuria jikoni kwa kishindo, akakata vitunguu kana kwamba vilimkosea. Waweru alipoingia na gazeti lake la maini alisimama mlangoni, akautazama mgongo wa mkewe, akajua kwamba kuna jambo.

"Umeshindaje leo, Mama Njambi?" aliuliza.

Jibu alikuwa nalo tayari. Lilikuwa mdomoni, limeshavaa viatu: umechoka, ni mvua hii, si nilikwambia uchukue mwavuli. Alilimeza. Akaweka maini mezani, akavuta kigoda, akaketi, akanyamaza. Ilimuuma kama kumeza mfupa. Mafuta yakachemka, vitunguu vikaanza kubadilika rangi, na bado akanyamaza.

"Kuna msichana huko," alisema Wangui hatimaye, akiwa bado ameupa mlango mgongo. "Anakusikiliza. Anakurudisha nyuma, anakusikiliza tena, anacheka mpaka analia."

Waweru hakusema kitu.

"Kesho utakuja na koti lako, uombe ile kanda yetu. Ukitaka, mchukulie Joash maini. Lakini huyo msichana asikusikie tena."

Alipogeuka alimkuta mumewe ameketi wima kwenye kigoda, mashavu yamejaa maneno, macho yamemtoka, ananyamaza kwa nguvu zake zote kama mtu aliyebeba gunia. Na Wangui, bila karatasi yoyote, akaanza kucheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, kina mkoromo katikati, na kiliwafukuza kuku wa jirani.